Namba imegoma kwenye 1.020 na ndoo iko kimya: niweke chupani au bado?

BintiShayiri

Habari zenu wakuu. Naomba ushauri kabla sijafunga hata chupa moja.

Nimepika bia ya kimea cha shayiri, lita 20 hivi, iko kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko wa kubana, koki chini na kizibo cha maji juu. Siku ya kupika haidromita (kifaa cha kioo kinachoelea na kuonyesha sukari iliyomo) ilisoma 1.052. Nikatia pakiti moja ya hamira kavu ya bia aina ya ale. Mwanzoni viputo vilikuwa vinapiga mfululizo, povu likapanda hadi karibu na mfuniko. Baadaye vikapungua, na sasa ni kimya kabisa. Povu limeshuka, imebaki pete ya kahawia tu kwenye ukuta wa ndoo.

Juzi nilichota kidogo kwenye koki nikapima: 1.020. Leo nimepima tena: 1.020 ile ile. Nimesoma mahali pengi kwamba namba ikikaa palepale siku mbili tatu, bia imemaliza. Lakini pakiti ya hamira imeandikwa kwamba inakula asilimia 75 hadi 80 ya sukari, na kwa hesabu yangu ilipaswa kufika 1.013 au chini ya hapo. Nimeonja, bado ina utamu unaobaki ulimini, na kuna harufu fulani ya tufaha bichi.

Sasa nifuate lipi, namba iliyosimama au hesabu ya pakiti? Chupa zimeshaoshwa, zinasubiri.

ChupaKavu

Mimi huwa sijisumbui na vipimo. Kizibo kikinyamaza naongeza siku chache, naweka chupani, na bia inakuwa safi tu. Kila mara ukifungua koki kuchota unaruhusu uchafu kuingia. Povu limeshuka, viputo hakuna, unasubiri nini tena?

MzeeWaNdoo

Binti, chupa hizo zifunike ziendelee kukaa safi, usizijaze kwanza. Nitaandika kirefu kidogo, maana hapa ndipo watu wanapoumia mikono na macho.

Namba ikisimama inakwambia jambo moja tu: hamira imeacha kula. Haikwambii imeacha kwa nini. Huenda chakula kimekwisha, na hapo bia yako iko tayari. Huenda chakula bado kipo ila hamira imepoa, imedhoofika au imezama yote chini kabla ya kazi kuisha. Kwa macho hali hizi mbili zinafanana kabisa: povu limeshuka, kizibo kimya, namba haitikisiki. Tofauti utaiona chupani, na wakati huo utakuwa umechelewa. Ukihamisha bia kwenda chupani unaitikisa, unaiongezea sukari kidogo ya kuleta gesi, unaiweka mahali pa joto. Hamira iliyokuwa imelala inaamka na kuendelea na kile ilichokiacha.

Fanya hesabu uone uzito wa jambo lenyewe. Kila pointi moja inayoshuka kwenye haidromita, yaani kutoka 1.013 kwenda 1.012, inatoa takriban nusu ujazo wa kaboni dioksaidi kwa kila ujazo mmoja wa bia. Tuseme bia yako mwisho wake halisi ni 1.012. Ukiifunga leo kwenye 1.020 umefungia pointi 8, sawa na ujazo 4 wa gesi. Jumlisha karibu ujazo 0.8 ambao tayari umo ndani ya bia, jumlisha na 1.6 wa sukari ya chupani. Unapita 6. Hicho ni kiwango cha shampeni, na shampeni hutiwa kwenye chupa nzito zenye kitako kilichobonyea kwenda ndani kwa makusudi hayo. Chupa ya kawaida ya bia imekusudiwa kubeba ujazo 2 hadi 3 hivi. Ikipasuka haipasuki kistaarabu, vipande vinaruka chumba kizima.

Ndugu ChupaKavu, nakuheshimu, ila kwenye viputo sikubaliani nawe hata kidogo. Kizibo cha maji kazi yake ni kuruhusu gesi itoke bila hewa na wadudu kuingia, basi. Mfuniko wa ndoo ukivuja kidogo pembeni, gesi inapita huko na kizibo kinakaa kimya huku hamira inachapa kazi. Na upande wa pili, bia iliyokwisha zamani inaweza kupiga viputo tena kwa sababu chumba kimepata joto, au mgandamizo wa hewa ya nje umeshuka, na gesi iliyokuwa imeyeyuka ndani inatoka. Kwa hiyo viputo vinaweza kukudanganya pande zote mbili.

Turudi kwako binti. Kabla ya kuamini ile 1.020, hakiki kifaa chenyewe. Itie haidromita kwenye maji safi ya nyuzijoto 20, inatakiwa isome 1.000. Ikisoma 1.003, basi kila ulichokisoma punguza 3. Nyingi zimetengenezwa kwa nyuzi 20, lakini ziko za nyuzi 15 na nusu, kwa hiyo soma kikaratasi kilichomo ndani ya shingo yake. Bia ikiwa ya nyuzi 25 kwenye haidromita ya nyuzi 20, ongeza takriban pointi 1, na kwenye nyuzi 30 ongeza kama 2 na nusu.

Kisha kuna gesi, na nina wasiwasi hapa ndipo pointi moja au mbili zako zilipojificha. Ukichota bia moja kwa moja kutoka ndoo inayochachuka, ina gesi nyingi ndani. Itazame haidromita kwa karibu dakika chache baada ya kuitumbukiza: utaona viputo vidogo kama vichwa vya sindano vinajipanga kwenye tumbo la kioo na kuanza kuiinua. Inapanda taratibu na namba inaongezeka wakati bia haijabadilika chochote. Mimi humimina sampuli kutoka glasi moja kwenda nyingine mara nyingi hadi isitoe povu tena, ndipo naitia kwenye silinda. Naizungusha haidromita kwa vidole kama pia ili viputo vibanduke na isiguse ukuta, nasubiri itulie, nainama hadi jicho liwe sawa na uso wa bia. Soma pale uso ulipo sawa, usisome pale bia inapopanda kwenye shingo ya kioo.

Sampuli ukishapima onja, kisha mwaga. Usiirudishe kwenye ndoo hata kama inakuuma, huko ndiko uchafu unakotokea kweli. Kuchota kwa koki iliyopulizwa dawa ya kuua vijidudu kabla na baada hakuna shida.

Naomba uniambie mambo matatu: kimea ulikiloweka kwenye joto gani, chumba kina joto gani mchana na usiku, na sampuli ya juzi uliitoa gesi au hukuitoa?

HopsiKijani

Naongezea kidogo kwa watakaosoma baadaye. Kama mtu anatumia rifraktomita, ile ya kudondoshea tone na kuchungulia, ajue kwamba baada ya kuchachuka haisomi sawa. Pombe inapinda mwanga kwa namna yake, kwa hiyo inaonyesha sukari nyingi kuliko iliyopo. Lazima atumie fomula ya kurekebisha pamoja na namba ya mwanzo. Kwa kujua kama namba imesimama inatosha, maana kilichosimama kitaonekana kimesimama. Kwa kujua imesimama wapi, haidromita ndiyo mwisho wa maneno.

Na jambo la hopsi, yale maua yanayoipa bia uchungu na harufu: ukitia hopsi kavu kwenye bia iliyokwisha, subiri tena. Hopsi zina vimeng'enya vinavyokata dekstrini, yaani sukari kubwa ambazo hamira haizili, kuwa sukari ndogo, na hamira inaanza upya. Wapika bia wa Uingereza waliliandika hili tangu 1893, halafu likasahaulika kwa miaka mingi, hadi bia zenye hopsi nyingi ziliporudi. Nimeona namba ikishuka pointi 2 hadi 3 baada ya hopsi, kwenye bia ambayo ningeapa imekwisha. Kwa hiyo mimi hupima kabla ya hopsi, na sifungi chupa mpaka namba isimame tena baada yake.

BintiShayiri

Shikamoo mzee, na asante sana. Majibu yako haya:

Kimea nilikiloweka kwenye nyuzi 68. Chumba ni 20 mchana, lakini usiku kinashuka, asubuhi nimekuta kipimajoto kwenye ndoo kinasoma 15. Haidromita nimeipima kwenye maji, inasoma 1.000 barabara. Sampuli ya juzi sikuitoa gesi. Leo jioni nimechota nyingine, nimeimimina glasi kwa glasi kama ulivyosema, na kweli ilitoa povu jingi. Imesoma 1.018.

Kwa hiyo bado pointi 5 kufika ninakotarajia. Nyuzi 68 ndiyo imesababisha?

MzeeWaNdoo

Marahaba binti. Umejibu vizuri, sasa picha inaonekana.

Nyuzi 68 ina mchango wake, lakini haiwezi kubeba lawama yote. Joto la kuloweka kimea ndilo linaloamua sukari ya aina gani itatoka. Kwenye nyuzi 63 hadi 65 unapata sukari nyingi ambayo hamira inaimudu, na bia inakauka. Kwenye 68 hadi 70 unapata dekstrini nyingi zaidi, ambazo hamira ya kawaida haizigusi, na bia inabaki nzito mdomoni. Kwa hiyo 1.014 au hata 1.015 kwako isingenishangaza. Hiyo asilimia ya pakiti ni makadirio ya mtengenezaji kwa maji ya kimea ya wastani, ya kwako ina mwisho wake yenyewe. Ila 1.018 pamoja na utamu ulimini na harufu ya tufaha bichi, hapo mimi naona hamira iliyolala. Harufu hiyo ni ya asetaldehidi, ambayo hamira huitoa katikati ya kazi na kuimaliza yenyewe mwishoni ikipewa nafasi. Usiku wa nyuzi 15 kwa hamira nyingi za ale unatosha kuizamisha chini.

Fanya hivi. Ipeleke ndoo mahali penye nyuzi 21 au 22 usiku na mchana, ifunge blanketi kama hakuna njia nyingine. Bila kufungua mfuniko, izungushe taratibu ili mashapo ya chini yainuke na kuchanganyika. Usiitikise kwa nguvu, hewa ikiingia sasa inaharibu ladha. Hamira hupenda hewa siku ya kwanza tu, inapozaliana.

Na sambamba na hilo fanya jaribio ambalo ningependa kila mpika bia alijue, kwa sababu ndilo linalojibu swali lako la mwanzo. Chota kama mililita 300 kwenye chupa safi, tia hamira mpya kavu kwa wingi, kijiko kidogo kizima, funika mdomo kwa karatasi ya alumini bila kukaza, weka mahali penye nyuzi 25 au 26, na itikise kila ukipita karibu. Hapa ladha hatuijali, hii sampuli hatuinywi. Hamira ni nyingi, joto lipo, chakula kidogo, kwa hiyo itakula kila inachoweza kula ndani ya siku mbili tatu. Ikishasimama toa gesi, acha ipoe, pima. Namba utakayoipata ndiyo sakafu ya bia yako. Kama chupa itabaki 1.018, basi ndoo haina chakula tena na imekwisha kweli, utamu ni wa dekstrini. Kama itashuka hadi 1.013, basi ndoo bado ina kazi na sasa unajua inakwenda wapi.

Safari ijayo fanya jaribio hili siku ileile ya kupika, kwa maji ya kimea kabla hujaiweka ndoo pembeni. Unaijua sakafu kabla hata ndoo haijafika nusu ya njia, na huna haja ya kubahatisha kwa pakiti wala kwa kalenda.

ChupaKavu

Mzee, la mfuniko kuvuja nimelielewa, nimekwenda kukagua wangu na kweli upande mmoja haubani. Swali langu: kuna hamira ambazo hata jaribio hili haziliheshimu? Niliwahi kufunga bia ya saison, ale ya asili ya Ubelgiji, chupa zilikaa kimya muda mrefu kisha zikaanza kumwaga povu kila nikifungua.

MzeeWaNdoo

Ziko, na hiyo yako inanukia hivyo. Hamira nyingi za saison ni za jamii ya diastaticus. Hizi zinatoa kimeng'enya chake zenyewe kinachokata zile dekstrini ambazo hamira nyingine zinaziacha. Zinakula haraka mwanzoni, zinafika mahali zinaonekana zimekwisha, kisha zinaendelea polepole kwa wiki kadhaa, pointi moja hapa, nusu pointi pale. Ukipima leo na keshokutwa huoni kitu. Kwa bia ya namna hiyo naacha wiki nzima au zaidi kati ya kipimo na kipimo, na sishangai ikifika 1.002. Watengenezaji wengi siku hizi wanaandika kwenye maelezo ya hamira kama ni ya jamii hiyo, soma kabla ya kununua. Hamira ya porini ikiingia ndooni kwa uchafu inafanya vilevile, kwa hiyo kama bia ya kawaida inazidi kushuka chini ya sakafu uliyoijua, onja kwa makini na usiifunge kwenye kioo.

BintiShayiri

Wakuu, narudi na majibu.

Chupa ya jaribio ilianza kutoa povu usiku uleule, ikasimama kwenye 1.013. Ndoo niliihamishia karibu na mahali penye joto na blanketi juu yake. Kizibo hakikupiga hata kiputo kimoja, na bado namba ilishuka: 1.016, kisha 1.014, na sasa vipimo viwili vilivyopishana siku tatu vyote vimesoma 1.013. Tufaha bichi limetoweka kabisa. Juu bia imeanza kung'aa, nikiiweka glasi mbele ya dirisha naona vidole vyangu upande wa pili, ingawa si wazi sana.

Nimefurahi mno. Sasa chupa?

MzeeWaNdoo

Vizuri sana! Umeona mwenyewe kizibo kilivyonyamaza huku pointi 5 zinaliwa.

Bado hatua moja ndogo, na ni ya pua. Mimina sampuli kwenye glasi mbili, funika zote. Moja iache, nyingine isimamishe kwenye maji ya nyuzi 60 hadi 65 kwa dakika 20, kisha ipoze irudi joto sawa na mwenzake. Funua, nusa moja baada ya nyingine. Ukisikia siagi au bisi zenye siagi kwenye ile iliyopashwa, ujue bia bado ina kile kinachogeuka kuwa diasetili. Kwenye glasi baridi husikii kitu, lakini chupani kitageuka kidogo kidogo na bia nzuri itanukia siagi. Dawa yake ni kuiacha ndooni juu ya hamira kwenye joto hilohilo siku mbili tatu nyingine, hamira itaisafisha. Bia za lager zinalihitaji hili zaidi kwa sababu zinachachuka kwenye baridi, ndiyo maana wapikaji wake huipandisha hadi nyuzi 18 hivi mwishoni kabla ya kuipoza. Ila na ale iliyolala kwa baridi kama yako naikagua vilevile.

Usiipoze ndoo kabla ya kupita hatua hii hata kama unatamani ing'ae. Baridi inaizamisha hamira chini, na kazi ya usafi inaishia hapo.

BintiShayiri

Nimefanya. Ile iliyopashwa ilikuwa na siagi, kidogo lakini ipo. Baridi haikuwa na kitu. Nikaiacha ndoo kama ulivyosema, nimerudia leo na glasi zote mbili zinanukia sawa, kimea na mkate tu. Namba bado 1.013. Bia iliyopo baada ya kuacha mashapo naikadiria lita 19. Joto la juu ililofika ni 22. Sukari ya chupani niweke kiasi gani?

MzeeWaNdoo

Bia iliyokaa kwenye nyuzi 22 ina gesi karibu ujazo 0.8. Kwa ale ya kawaida lenga 2.4, kwa hiyo unahitaji 1.6 zaidi. Sukari nyeupe ya kawaida, gramu 4 kwa lita zinatoa takriban ujazo 1. Kwa hiyo gramu 6.4 kwa lita, mara lita 19, ni takriban gramu 120 kwa mizani. Usipime kwa kikombe. Ichemshe kwenye maji mililita 300 hivi, ipoe, itie kwenye ndoo safi ya pili, kisha ishushe bia juu yake kwa mrija ukiwa umezama hadi chini ili isirushe mapovu. Koroga taratibu kwa mwiko uliosafishwa, la sivyo chupa za mwanzo zitapooza na za mwisho zitapita kiasi.

Chupa moja fanya ya plastiki, ile ya soda. Ijaze sawa na nyingine, ibonyeze itoe hewa, funga. Ziweke zote kwenye nyuzi 20 hivi, gizani, ndani ya sanduku lenye mfuniko. Kila siku ibonyeze hiyo ya plastiki. Ikishakuwa ngumu kama ya soda mpya, poza chupa moja ya kioo usiku mzima na uifungue juu ya sinki. Ikitulia, zilizobaki ziache wiki moja zaidi. Ikimwagika kwa kasi, ziingize zote kwenye friji siku hiyohiyo, na ukizishika vaa glavu nene na miwani.